Simba mwenye uso wa mtu: majibu kwa wachoraji wa wanyama wa vitabu vya kale

Barua za mwezi huu zimejaa simba, ndovu, majoka na viumbe nusu mtu nusu ndege. Wengi wenu mnafuata vitabu vya wanyama vya Zama za Kati, vilivyoandikwa na kupambwa kwa mkono juu ya ngozi. Chimbuko lake ni kitabu cha Kigiriki kiitwacho Physiologus, cha karne za mwanzo za Ukristo, kilichotafsiriwa kwa Kilatini, Kiarabu na hata Kigeezi cha Ethiopia. Vilivyopambwa vizuri zaidi vilitengenezwa Uingereza katika karne ya 12 na 13. Maarufu kati yake ni Aberdeen Bestiary ya mnamo mwaka 1200, ambayo kurasa zake zinaonekana bure mtandaoni. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Simba wangu kila nikimmaliza anafanana na katuni ya watoto. Nimefuata umbo lake, mkia wake, hata rangi. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Angalia macho kwanza. Ukichora duara jeupe na mboni ikaelea katikati, mnyama anaonekana ameshtuka, na papo hapo katuni imeshaingia. Jicho la simba wa karne ya 12 lina umbo la lozi, na mboni yake inagusa kope la juu. Juu ya kope unapita mstari mwingine mwembamba, sambamba nalo. Basi. Usiongeze nukta ya mwanga ndani ya mboni.

Kisha tazama unene wa mstari. Katuni hutumia mstari mweusi, mnene, unaolingana mwili mzima. Mchoraji wa kitabu alitumia wino wa kahawia na mstari unaonenepa kwenye mkunjo wa paja na kukonda unapokaribia mgongo. Tumia nibu ya kuchovya yenye ncha laini, au brashi namba 0, na wino wa kahawia iliyokolea.

Tunashauri kazi ifuate mpangilio huu. Chora fremu ya sentimita 12 kwa 9, yenye ukanda wa milimita 5 kuizunguka. Ndani yake vuta mstari mmoja wa uti wa mgongo kuanzia utosini hadi ncha ya mkia bila kuinua penseli. Mkia upite katikati ya miguu ya nyuma, upande ubavuni, uishie kwa kishungi. Mwili uwe mwembamba kiunoni, karibu na wa mbwa wa kuwindia kuliko wa simba wa Serengeti. Mnyama ajaze fremu, na mguu mmoja au kishungi cha mkia kivuke ukanda kwenda nje. Hapo ndipo picha inapopata uhai: mnyama aliyesimama salama ndani ya kisanduku anafanana na picha ya kitambulisho.

Manyoya ya shingo hayachorwi unywele mmoja mmoja. Chora vishungi vyenye ncha iliyopinda, safu kwa safu, safu ya juu ikifunika vichwa vya safu ya chini kama makuti kwenye paa. Anza na safu iliyo karibu na uso kisha shuka, ili kila safu mpya ijifiche chini ya ile uliyokwisha kuchora.

Rangi zinawekwa kwa tabaka, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa kulainisha kivuli. Tabaka la kwanza ni rangi moja, bapa, isiyopitisha mwanga: oka (rangi ya udongo) ya manjano yenye nyeupe kidogo, au gwashi ya dukani (rangi ya maji isiyopitisha mwanga). Ikikauka kabisa, chukua oka hiyo hiyo, itie kahawia, kisha pitisha ukanda mwembamba chini ya tumbo na nyuma ya miguu. Ukingo wa ukanda huo usiusugue kwa maji; uvunje kwa vistari vifupi vya milimita 3 hivi. Baadaye weka nyeupe: vistari viwili vitatu kwenye paja, kimoja begani, kimoja puani. Mwisho kabisa rudia mstari wa nje kwa wino, kwa sababu rangi itakuwa imeula.

Tahadhari mbili. Penseli laini huchanganyika na oka na kuigeuza kijivu, kwa hiyo tumia penseli ngumu ya 2H na uiguse karatasi kwa wepesi. Na kabla ya kupaka rangi juu ya wino, chora mstari pembeni, uache ukauke, upitishie brashi yenye maji. Ukivuja hapo, utavuja na juu ya simba wako.

Mwenye kupenda uso wa mbele amtazame simba wa Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13, katika daftari lake lililoko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Uso ule umejengwa juu ya duara la bikari, na pembeni ameandika kwamba simba amechorwa kutoka kwa simba hai. Alikuwa na mnyama mbele yake, na bado aliutanguliza mpango wa duara. Anayesema wachoraji hawa hawakujua kuchora hajawaangalia vya kutosha. Kwao mpango wa picha ulikuja kabla ya mnyama.

Mimi tembo nawaona. Nikichora tembo wa Zama za Kati mwenye mkonga kama tarumbeta najihisi nadanganya. Nimchore ninavyomjua au kama wao? (Msomaji, Iringa)

Usiige kosa kwa ajili ya kosa. Mchoraji wa Uingereza alikuwa na maneno, hakuwa na tembo. Maneno yalimwambia kwamba mnyama huyu ni mkubwa kama mlima, pua yake ni kama nyoka, anabeba mgongoni mnara wa mbao wenye askari, na hana viungo magotini. Kwa sababu hiyo hulala akiegemea mti. Mwindaji akiukata nusu, mti na tembo huanguka pamoja. Miguu ile iliyonyooka kama nguzo imetoka katika sentensi hiyo.

Fanya hivyo hivyo. Chukua maelezo mafupi, yawe hayo au ya mzee wa kwenu kuhusu tembo, halafu chora kile kilichosemwa tu. Kama maelezo hayakutaja masikio, amua masikio kwa kuazima kwa mnyama mwingine. Picha itakayotoka itakuwa ngeni kwa njia ya kweli, kwa sababu ugeni wake una chanzo.

Ukitaka upande wa pili, mfano upo. Mwaka 1255 Louis IX wa Ufaransa alimpa Henry III wa Uingereza tembo, akafugwa katika Mnara wa London. Mtawa Matthew Paris alikwenda kumwona akamchora: magoti yanapinda, ngozi ina mikunjo, mkonga una pingili. Mbinu ni ile ile ya mstari wa wino na rangi nyepesi. Kwa hiyo tembo wako wa Ruaha anaweza kuchorwa kwa usahihi na bado akabaki ndani ya mtindo, mradi mstari utawale na kivuli kikae nyuma.

Nimesaga udongo mwekundu na mkaa, nikachanganya vyote na gundi ya mgunga ile ile. Nyekundu inapasuka na kubanduka, nyeusi inafutika kwa kidole. Kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

Gundi imezidi kwenye nyekundu na imepungua kwenye nyeusi. Kila unga wa rangi hunywa gundi kwa kiasi chake, na masizi na mkaa hunywa nyingi. Kipimo kimoja hakiwezi kufaa rangi zote.

Tengeneza kwanza maji ya gundi. Ponda gundi ya mgunga gramu 20, itie kwenye maji ya moto gramu 40, koroga, iache usiku kucha, kisha ichuje kwa kitambaa cha pamba. Tia asali nusu kijiko cha chai ili rangi isikakamae. Tone moja la mafuta ya karafuu huzuia ukungu, na kwa hali ya hewa ya Pwani usiliache. Chupa ikae kwenye friji.

Saga unga wa rangi kwa maji matupu juu ya kioo kinene, ukitumia kitako bapa cha glasi nzito, dakika 10 hadi 15, mpaka usisikie mchanga ukikwaruza. Mkaa hukataa maji na kuelea juu. Uloweshe kwanza kwa matone machache ya spiriti, ndipo utie maji. Uji ukiwa tayari, chukua kijiko kimoja cha uji na kijiko kimoja cha maji ya gundi. Hicho ni kipimo cha kuanzia tu. Paka alama ndogo, iache ikauke, isugue kwa kidole. Ikiacha unga kidoleni, ongeza gundi matone matano, ujaribu tena. Ikimetameta kama imepakwa vanishi, au ikipasuka ukikunja karatasi kidogo, ongeza uji. Andika idadi ya matone kwenye kifuniko cha kila chupa, maana hutakumbuka.

Na hata rangi yenye kipimo sahihi itapasuka ukiipaka nene. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nzito.

Wachoraji wa vitabu walitumia pia ute wa yai, na ni mzuri sana kwa nyekundu. Piga ute wa mayai mawili mpaka povu lisimame na lisianguke ukigeuza bakuli. Funika, acha usiku mmoja. Asubuhi chini ya povu kutakuwa na maji ya njano hafifu. Hayo ndiyo unayoyataka, povu tupa. Ute usiopigwa vya kutosha unavutika kama kamasi na hauwezi kuingia kwenye nibu.

Neno kuhusu unga wa kununua. Manjano yao ya dhahabu ilikuwa na aseniki, nyekundu kali ilikuwa na zebaki, nyeupe ilikuwa ya risasi. Hakuna haja ya kuvirudia. Oka, nyeupe ya titani na nyekundu za kisasa zisizo na metali nzito zinatosha. Buluu yao ya thamani ilitoka kwenye jiwe la lapisi lazuli la Badakhshan, Afghanistan. Ultramarini ya kiwandani, inayotengenezwa tangu miaka ya 1820, ina sifa ile ile ya rangi kwa bei ndogo. Kwa unga wowote mkavu, vaa barakoa na usipulize meza kwa mdomo.

Jani la dhahabu, ule utando mwembamba wa kubandika, linashika kila mahali isipokuwa nilipopaka gundi. Nipo Unguja. (Msomaji, Zanzibar)

Linashika kwenye rangi kwa sababu umepaka rangi kwanza. Gundi na asali zilizomo ndani ya rangi hunywa unyevu wa hewa, na kwenu unyevu haukosekani. Warsha za Zama za Kati ziliweka dhahabu mara tu baada ya mstari wa wino, kabla ya rangi yoyote. Fuata mpangilio huo na nusu ya tatizo imekwisha. Kama rangi iko tayari, paka unga wa talki mwembamba juu yake, ukung'ute, ndipo ulete dhahabu.

Nusu ya pili ni msingi, yaani kile kinachopakwa chini ya dhahabu. Jeso ya kale ya plasta, gundi na sukari inapendeza, ila kwenye hewa ya baharini sukari ile haikauki sawasawa, na ukiisugua kwa jiwe la akiki inachubuka yote pamoja na dhahabu. Kwa anayeanza tunashauri gundi nyeupe ya mbao: sehemu 2 za gundi kwa sehemu 1 ya maji, na tone la rangi nyekundu ili uone ulipopaka. Rangi hiyo pia huipa dhahabu joto mahali jani likipasuka. Paka tabaka la kwanza, liache nusu saa. Paka la pili, subiri mpaka ule weupe wa maziwa upotee kabisa. Vipovu viue kwa ncha ya sindano kabla havijakauka.

Kisha kunja karatasi iwe kibomba cha sentimita 10, pumua ndani yake taratibu mara tatu nne juu ya gundi, pumzi ya moto ya kifuani, na ubandike jani hapo hapo. Gandamiza kupitia karatasi laini isiyoshika. Unazo sekunde chache tu. Zima feni na funga dirisha. Nunua dhahabu iliyobandikwa kwenye karatasi yake, maana jani lililo huru hukunjamana kabla halijafika.

Pwani fanya kazi hii mchana, saa saba hadi saa tisa, hewa inapokuwa kavu kidogo. Arusha au Nairobi wakati wa kiangazi mambo ni kinyume: msingi unakauka mno, pumzi haitoshi, na asubuhi na mapema ndiyo saa nzuri.

Jani la bei rahisi ni la shaba. Kwa chumvi ya bahari litafifia na kuota ukijani, hivyo lipakwe vanishi ya sheleki siku hiyo hiyo. Dhahabu ya karati 23 haihitaji kinga.

Nachora viumbe mchanganyiko, kichwa cha mtu na kiwiliwili cha joka, ila wanaonekana wamegundishwa. (Msomaji, Bukavu)

Ficha kiungo. Katika pambizo za Luttrell Psalter, kitabu cha Uingereza cha mnamo 1325 hadi 1340, shingo ya mtu huingia ndani ya kofia ya mtawa au ukosi wa nguo, na mwili wa mnyama unatokea chini yake. Mahali pengine jani hukua pale pale pa kuungia. Chora uti wa mgongo mmoja kwanza, kisha gawa viungo juu yake. Ukichora vipande viwili halafu ukaviunganisha, jicho litajua. Rangi ibadilike kwenye ukosi, isibadilike katikati ya ngozi. Na wanyama watatu kwa mwili mmoja wanatosha.

Nataka kuchora hadithi za Sungura na Fisi kwa mtindo huu. Inawezekana bila kulazimisha? (Mwalimu, Tabora)

Inawezekana sana, mwalimu, na Sungura anaingia moja kwa moja. Pambizo za vitabu vya mwisho wa karne ya 13 na karne ya 14 zimejaa sungura wanaolipiza kisasi: katika Smithfield Decretals, kitabu cha sheria za Kanisa, wanamwinda mwindaji, wanamfunga, wanampeleka kwa hakimu. Mnyonge anayemshinda mwenye nguvu kwa akili ndiye Sungura wetu. Huko huko utamkuta mbweha amevaa kiaskofu akiwahubiria mabata bukini. Mwangalie kwa ajili ya mikono. Kidole cha shahada kinaelekeza, na wasikilizaji wote wameinua vichwa kwa pembe moja. Hadithi inasomeka kwa ishara hizo, uso ukiwa mtulivu. Kwa hiyo Sungura akidanganya asitabasamu. Mkono wake uwe unaonyesha kulia na mguu uwe umeshaanza kwenda kushoto.

Fisi ana picha yake tayari. Vitabu vya wanyama vinamwonyesha akivuta maiti kutoka kaburini, na vinasema uti wake wa mgongo haupindi, akitaka kugeuka sharti ageuze mwili mzima. Hilo ni zawadi kwa mchoraji: mchore mgongo ulionyooka kama ubao, ukiteremka kuelekea nyuma, kichwa chini ya usawa wa mabega. Wachoraji wale hawakujua madoa yake. Wewe unayajua, basi yaweke, lakini kama pambo: madoa ya duara yanayokaribiana ukubwa, yaliyopangwa kwa safu, yasiyogusana. Madoa ya kubahatisha yatakurudisha kwenye picha ya kitabu cha biolojia.

Mavazi yawe machache. Mnyama abaki na miguu minne mpaka hadithi imtake ashike kitu. Hapo msimamishe, umvishe kofia au kanzu inayoonyesha cheo anachojifanya kuwa nacho. Ukiwavika wote nguo kuanzia mwanzo, hakuna atakayeonekana mjanja.

Kwa somo la darasani, gawa ukurasa katika visanduku vitatu kutoka juu hadi chini. Simba wa vitabu hivi hupangwa hivyo mara nyingi, tabia moja kila kisanduku: anafuta nyayo zake kwa mkia, analala macho wazi, anawapulizia watoto pumzi ya uhai siku ya tatu.

Kwa nini tunaangalia Ulaya peke yake? (Msomaji, Muscat)

Hatupaswi. Kitabu cha al-Qazwini cha maajabu ya viumbe kina nakala yenye picha ya mwaka 1280, iliyotengenezwa Wasit, Iraq, na sasa iko Munich. Kitabu cha manufaa ya wanyama cha Ibn Bakhtishu kilipambwa Maragha, Iran, katika miaka ya mwisho ya 1290. Kiko Morgan Library, New York. Humo wanyama husimama wawili wawili, fremu ni nyembamba, na majani na matawi hukatwa na ukingo wa picha. Mwenye kuchora kwa mkono wa kuandikia Kiarabu atauzoea mstari huo haraka, kwa kuwa unene wake unabadilika kwa namna ya kalamu ya tete.

Na upo mfano uliotoka kwetu. Mwaka 1414 twiga alifika China akitokea Bengal, na mwaka uliofuata akafika mwingine kutoka Malindi. Baraza la mfalme lilimpokea kama qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao, mwenye mwili wa kulungu na mkia wa ng'ombe. Picha ya twiga wa kwanza inaonyesha mnyama halisi aliyefungwa kamba na mtunzaji wake, ila madoa yamepangwa kama wavu wa pembe sita kutoka shingoni hadi miguuni. Ukitaka kuchora twiga kwa mtindo wa kale, chora wavu kwanza kwa penseli, uufuate mviringo wa shingo, kisha jaza rangi ndani ya kila tundu na uache nyuzi zikiwa nyeupe.

Naruhusiwa kuchapa wanyama hawa kwenye fulana za kuuza? (Msomaji, Kampala)

Michoro yenyewe haina mwenye haki tena. Wachoraji walikufa karne nyingi zilizopita. Kinachoweza kuwa na masharti ni picha ya kamera iliyopigwa na maktaba. Jumba la Getty, Los Angeles, linaruhusu matumizi huru ya picha zake nyingi, zikiwemo za Northumberland Bestiary ya karne ya 13. Kwa maktaba nyingine soma masharti yaliyo chini ya kila picha kabla ya kupakua. Ukichora upya kwa mkono wako, kazi ni yako. Kwa fulana, nenepesha mistari yote hadi angalau milimita 1, maana vistari vya nywele huziba au kukatika kwenye fremu ya kuchapia, na punguza rangi zibaki tatu: nyeusi, nyekundu na oka.